Sahihi ya Pacha Wangu

Pacha wangu alikuwa Bangkok anakula panzi, na mimi nilikuwa mwaloni nageuza dagaa. Nianzie hapo, maana hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma sawasawa. Alinitumia video: kijiti mkononi, panzi wanne wamekaangwa mpaka wanang'aa, anamng'ata mmoja huku amefumba macho, kisha anacheka na wenzake wawili nisiowajua. Chini ameandika, "Maisha ndiyo haya." Mimi wakati huo nilikuwa nimepiga magoti mchangani, pale wavuvi wanaposhushia mzigo, mikono inanuka, mama ananiuliza kama sioni kwamba dagaa wa upande ule bado wabichi. Nikasema moyoni, Bukoba watu wanakula senene kila msimu na hakuna aliyewahi kupanda ndege kwa ajili hiyo.

Sitaki kujipamba. Nilikuwa na wivu. Si ule wivu wa kusema "natamani ningekuwa wewe" halafu mnakumbatiana yanaisha. Wivu wangu ulikuwa unaamka kabla yangu. Hata sijanawa uso nilishafungua simu kuangalia jana amelala wapi, amekula nini, amevaa nini, na kama ile blauzi aliyovaa ni yangu. Mara mbili ilikuwa yangu.

Tulizaliwa siku moja, yeye akanitangulia kwa dakika chache ambazo ametumia maisha yake yote kunikumbusha. Na sisi Wasukuma pacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja unampa na mwenzake, la sivyo aliyenyimwa ataugua, au wataugua wote, au mvua itagoma, inategemea unamuuliza nani. Tulishonewa magauni mawili mawili. Yeye akishikwa na homa, bibi alituchemshia dawa wote, ndiyo maana nimekunywa mwarobaini mwingi kwa magonjwa yasiyo yangu. Baba akiwa hana uwezo wa kununua vitu viwili, alinunua kimoja akatangaza kwamba ni cha wote. Simu yetu ya kwanza ilipatikana hivyo, simu moja na laini moja, na kwa miaka mingi kila fomu tuliyojaza, yeye na mimi, tuliandika namba ile ile bila kufikiria.

Tukaenda chuo kimoja pia, Nyegezi. Mwaka wa pili likabandikwa tangazo la kwenda kusoma mwaka mmoja Korea Kusini kwa kubadilishana wanafunzi, nafasi mbili tu. Tuliomba wote. Tulijazia fomu zetu kwenye meza moja, tukipokezana kalamu. Majina yalipotoka, la kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la kijana mmoja wa darasa letu. Mimi niliandikwa chini, kwenye orodha ya akiba, wa kwanza kwenye hiyo akiba, kama hilo linamfariji mtu.

Tulienda kumwambia bibi. Bibi yetu anakaa ng'ambo, ukishavuka Busisi. Zamani tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka mnazozana. Sasa kuna daraja, unavuka kabla hujamaliza karanga za shilingi mia mbili. Baba alimsomea bibi barua ya chuo tangu mwanzo mpaka mwisho. Bibi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa vizuri tu, halafu akanyoosha mkono kwa baba.

"Na ya mwenzake iko wapi?"

Baba akaeleza kwamba barua ni moja. Bibi akamtazama kama amemletea kuku mwenye mguu mmoja. "Basi hao Wakorea hawajui pacha," akasema, na hakuligusa tena lile suala, isipokuwa alikataa kumbariki mmoja bila mwingine. Tulipigishwa magoti wote, tukapakwa unga wote kwenye paji la uso. Nilibarikiwa safari nikiwa sina safari. Na baba, kwa kumwogopa mama yake, wiki iliyofuata alirudi kutoka mjini na masanduku mawili ya rangi ya zambarau, moja la pacha wangu na moja langu. Langu nikaliwekea mashuka.

Masomo ya Korea yalikuwa yaanze Septemba. Yeye akaondoka wiki tano kabla. Alikuwa na rafiki, dada mmoja wa Malaysia aliyewahi kujitolea kwenye zahanati hapa kwetu, wakakubaliana watembee kwanza, wakilala kwenye vyumba vya vitanda vinane vya bei rahisi. Chuoni hakuaga mtu. Alisema akiaga ataambiwa asubiri kikao, na kikao kikikaa Septemba itakuwa imefika. Mimi ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege. Nilimbebea na mkoba, nikapunga mkono mpaka geti, nikarudi nyumbani nikalala mchana kutwa kama mgonjwa.

Halafu zikaanza picha. Mahekalu ya dhahabu, matunda yenye miba, yeye amepanda tuktuk kavaa miwani ya jua juu ya miwani yake ya kusomea. Hanoi akapiga picha pikipiki zimeziba barabara nzima, akaandika kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikamjibu aje hapa kwetu Nyakato saa wanapotoka viwandani. Akanitumia daraja fulani la Penang, refu, linapotea kwenye ukungu. Nikatoka na nguo zangu za kazi, nikapanda gari mpaka Kigongo kwenda kulipiga picha daraja letu la Busisi, nikamtumia bila maneno. Akajibu na kikatuni cha moyo. Kile kikatuni kilinikera siku mbili.

Mbaya zaidi ilikuwa Kambodia. Kule kuna ziwa ambalo watu wanaishi juu yake, nyumba zimesimama kwenye nguzo, na akinamama wanaanika samaki wadogo juani. Alipiga picha zile chanja za samaki, moja, mbili, kumi, akaandika, "Jamani, kama nyumbani." Kama nyumbani. Miaka yote hiyo hapa mwaloni alikuwa anajidai ana mzio wa harufu ya dagaa, mama anamhurumia, anamwambia kaa kivulini mwanangu, na sehemu yake ya kugeuza naigeuza mimi. Leo amesafiri nusu ya dunia kwenda kuwapenda.

Na mtaani nilikuwa natembea na sura yake. Hilo watu hawalifikirii. Mama anayeuza matunda karibu na kwetu alinisimamisha akashika kiuno. "Wewe si uko Uchina?" Kwake Asia yote ni Uchina. Nikamwambia mimi ni yule mwingine. "Ah," akasema, "yule mwingine," akarudi kwenye maembe yake. Wengine walinipongeza kwa mikono miwili kabla hawajagundua, na ukiona uso wa mtu unavyopoa anapogundua, unatamani usingemwambia. Ikafika mahali nikawa siwaambii. Napokea pongezi, nasema asante, naenda zangu.

Sasa, Jumatatu moja, zikiwa zimebaki wiki mbili masomo yaanze, akanitumia ujumbe mrefu wa sauti. Hakuwa anacheka. Matokeo yetu ya muhula wa mwisho yalikuwa yametoka, na chuo cha Korea kilikuwa kinayataka kutoka Nyegezi moja kwa moja. Ofisi ya mitihani ingeyatuma yote kwa pamoja Ijumaa saa kumi jioni. Lakini hawatumi ya mwanafunzi mpaka mwenyewe afike na kitambulisho, asaini mbele yao. Yasipofika, nafasi yake inafutwa.

"Pacha," akasema, "kitambulisho changu kiko kwenye droo, na miwani yangu ya zamani iko hapo hapo. Nenda ukawe mimi dakika tano tu. Nakuomba."

Nilisikiliza ujumbe ule nimekaa kitandani. Na kitu cha kwanza nilichohisi, nakisema kama kilivyo, kilikuwa raha. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke alikuwa ananihitaji, na mimi nilikuwa na uwezo wa kusema nitaona.

Nikamwandikia, "Nitaona."

Jumanne nikamwandikia kwamba mama ana mzigo mkubwa wa dagaa, siwezi kumwacha. Ilikuwa kweli mpaka saa nne asubuhi. Jumatano nikasema tumbo linauma. Alhamisi nikasema umeme umekatika chuoni, hawafanyi kazi, na huo ulikuwa uongo mtupu, hata kukanyaga Nyegezi sikuwa nimekanyaga. Kila nilipomjibu alituma ujumbe mwingine wa sauti, mfupi kuliko uliopita. Picha zikapungua. Ule wa Alhamisi alikuwa analia, nyuma yake nasikia watu wanazungumza lugha yao na vyombo vinagongana, na yeye anasema, "Pacha, kama nimekukosea niambie." Nilirudia kuusikiliza mara tatu. Si kwa huruma. Nilikuwa napima kama kilio ni cha kweli.

Ijumaa asubuhi hakuna kitu. Hakuna picha, hakuna ujumbe, na kwenye status yake patupu, mara ya kwanza tangu aondoke. Mama alikuwa amezoea nimwoneshe kila asubuhi wakati tunakunywa chai. Akauliza, "Mwenzako leo vipi?" Nikasema mtandao. Mama akaniangalia, akaendelea kutandaza wavu wa kuanikia. Ningependa kuandika kwamba upendo ndio ulionisukuma. Niliogopa mama asije akajua. Hata hivyo nikavuta miguu, nikaoga taratibu, nikala, nikafunga nyumba, nikafika chuoni saa tisa na nusu alasiri nimevaa miwani yake, kitambulisho chake mfukoni na changu nimekiacha nyumbani kwa makusudi, nisije nikakosea nikatoa kisichohusika.

Miwani yake ni mikali. Sakafu ilikuwa inapanda na kushuka. Nilipita kwenye ubao wa matangazo nikaona karatasi nyeupe tu, maandishi yote yamevurugika. Nje ya ofisi, kwenye benchi, alikaa msichana mmoja wa mwaka wa pili, sketi imepigwa pasi mpaka ina makali, faili limelala magotini. Nikampita nikaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Afisa wa mitihani ni mama mtu mzima, mpole, anayepiga miayo bila kujificha. Alitazama kitambulisho, akanitazama mimi. "Umekuwa mweusi."

"Jua, mama."

Akanisogezea fomu. Sahihi ya pacha wangu naijua kuliko yangu. Tangu sekondari nilikuwa namsainia mahudhurio akiwa amelala. Nikaweka ya kwanza, nikaweka ya pili. Yule mama akagonga muhuri, akaingiza karatasi kwenye mashine, akaiweka juu ya rundo la zile zinazotumwa. Imekwisha. Nusu dakika, kitu nilichomnyima siku nne.

"Na pacha wako yuko wapi siku hizi?" akauliza huku anafunga kalamu.

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo tu nyumbani."

"Anafanya nini huko?"

"Hana anachofanya," nikasema. Ilitoka kirahisi, kwa sauti yake kabisa, na nikashtuka jinsi nilivyokuwa nimejiandaa kuisema.

"Basi ana bahati na hana habari," akasema yule mama. "Yule kijana aliyekuwa aende na wewe amejitoa. Amepata kazi mgodini Geita. Nafasi ni ya pacha wako, ndiye wa kwanza kwenye akiba. Tangu Jumatatu nampigia hapatikani, nimebandika na jina lake hapo ubaoni. Nimekuja kuangalia fomu zenu, kumbe mmeandika namba moja ninyi wawili."

Namba ile ilikuwa kwenye laini aliyoondoka nayo pacha wangu, imezimwa tangu apande ndege.

Niliuliza kama haiwezi kusubiri mpaka Jumatatu. Nadhani niliuliza mara mbili.

"Majina yanatumwa Korea saa kumi pamoja na matokeo yenu. Aje mwenyewe na kitambulisho chake asaini. Asipokuja, anaingia anayefuata, yule pale nje, amekaa tangu asubuhi. Hebu mpigie mwenzako aje mbio."

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika arobaini. Nilitoa simu. Nikabonyeza bonyeza kioo bila kupiga popote, nikaiweka sikioni. Yule mama ananitazama, anasubiri. Nilisimama pale najipigia mwenyewe.

"Hapokei," nikasema.

Nilipiga hesabu haraka kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nyumbani Nyakato ni upande wa pili wa mji. Hata bodaboda kichaa asingekwenda na kurudi kwa dakika ishirini. Mama alikuwa mwaloni, nyumba nimefunga, ufunguo ninao mimi. Ingebaki kuvua miwani na kusema, mama, mimi ndiye huyo pacha. Lakini karatasi ilikuwa juu ya rundo, ina sahihi mbili nilizoziweka mimi mbele ya macho yake. Ningesema tu, ingechanwa, na majina yote mawili yangeenda kwenye kamati ya nidhamu. Angerudishwa yeye, na mimi nisiende. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tungegawana sawa kwa sawa kweli.

Nilifikiria kufanya hivyo. Lazima niseme. Nilimwona akilini amekaa huko ugenini, vyombo vinagongana nyuma yake, anasubiri, nikafikiria, kwa nini nisimshushe tuwe wote chini. Nilikuwa na mkono kwenye fremu ya miwani. Nadhani kilichonizuia si kwamba nina roho nzuri. Ni ile sauti ya Alhamisi, "kama nimekukosea niambie," na mimi nikitafuta alichonikosea, pale mbele ya meza ya yule mama, sikukipata. Alikuwa amechaguliwa. Basi. Na kama ningekuja Jumatatu, au hata Jumanne baada ya saa nne, ningesaini ya kwake, nikarudi kesho yake na kitambulisho changu na uso wangu, tukaenda wote.

Nikatoka nje. Nilipofika kwenye ubao nikainua miwani. Jina langu lilikuwa pale, kwa herufi kubwa, na chini yake tarehe ya Jumatatu.

Sikuwa na pa kwenda, nikaja nikakaa kwenye benchi, karibu na yule msichana. Pacha wangu nilimwandikia neno moja, "Tayari." Mpaka leo anajua nilichelewa kwa sababu ya umeme. Alijibu hapo hapo, mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, simu inatikisika mapajani, na mimi siusomi hata mmoja. Yule msichana alikuwa anaangalia saa yake, anaangalia lango, anaangalia saa. Kila mtu akikata kona, yeye alikuwa anakaza shingo. Nikagundua anamwogopa mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Mikono yake ilikuwa imeloa jasho mpaka faili limefanya alama. Nikaanza kumwonea wivu yeye naye, kabla hata hajapata.

"Dada, samahani," akasema mwishowe, kwa adabu, kama anaomba maji. "Wewe si ndiye unayekwenda Korea? Pacha wako anakuja?"

Zilikuwa zimebaki dakika saba. Lango lilikuwa wazi, hakuna mtu anayeingia.

"Haji," nikasema.

Hakushangilia. Aliinamisha kichwa juu ya faili akakaa hivyo, mabega yanamtikisika, mpaka yule mama alipotokeza mlangoni akatazama huku na huku, akaniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Akamwita msichana ndani. Alisaini haraka, nilisikia muhuri. Alipotoka uso ulikuwa umelowa wote, akanikumbatia kwa nguvu, shavu lake kwenye miwani ya pacha wangu.

"Kumbe tutakuwa wote mwaka mzima," akasema. "Dada, umesikia huko kukoje?"

"Kuna baridi," nikamwambia. "Beba sweta."